Insha Niliyoisoma Mbele ya Mama Manka

Chumba ninachoishi sasa kiko nyuma ya machinjio. Niliingia mji huu jioni na begi langu moja, kama nilivyoingia miji mingine mingi, na dalali akanionyesha hiki kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Asubuhi yake nikajua kwa nini kilikuwa wazi. Jua likianza tu kupanda wanamwaga maji ya moto sakafuni, damu ya ng'ombe inateremka kwenye mfereji wa saruji chini ya dirisha langu, na mvuke wake unaingia ndani, mtamu halafu mkali, kama msumari uliowekwa ulimini. Majirani hufunga madirisha na kutema mate. Mimi pia natema. Ila wao wanatema kwa ajili ya ng'ombe, na mimi natema kwa ajili ya daftari moja nililoliandika nikiwa darasa la saba kule mlimani Kilema, ambalo hadi leo naweza kulisema kwa kichwa, koma kwa koma.

Sisi hatukuwa wenyeji wa mlimani. Mama na Baba walitoka Singida, na Baba alikuwa fundi msaidizi katika kiwanda cha sukari kule tambarare, chini ya Moshi mjini, ambako watu wa kila mkoa waliishi kwenye nyumba za mstari katikati ya miwa. Nilipougua malaria mara ya tatu mfululizo, Mama alisema hatanizika kwenye miwa. Akabeba cherehani yake, tukapanda Kilema, tukapanga vyumba viwili pembeni ya kihamba cha mjane mmoja aliyeitwa Mama Manka. Kihamba ni ardhi ya ukoo: migomba juu, kahawa chini ya migomba, nyumba katikati, na makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Baba alikuja kila Jumapili akinuka molasesi, na jioni akashuka.

Mama alikuwa akishona sokoni hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo mimi nililelewa na sufuria ya Mama Manka. Nikitoka shule alikuwa ananisubiri mlangoni pa jiko lake, mwanamke mpana, mfupi, mwenye mikono mikubwa iliyopauka kwa majivu, kwa sababu alinawa kwa majivu na maji ya moto kabla ya kugusa chochote cha kuliwa. "Mwana wa fundi," alikuwa akiniita, fundi akiwa Mama, "njoo ule, shingo yako imekuwa kama ya kuku wa mvua." Ananijazia bakuli la mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama, kisha anasimama kuniangalia mpaka nimalize. Binti yake, Manka, alikuwa darasani kwangu na dawati letu lilikuwa moja. Watoto wengine waliniita chasaka, yaani mtu wa kuja, mtu wa porini. Manka aliwatukana kwa niaba yangu.

Mikono ile ya Mama Manka ilikuwa na jina kijijini. Mwanamke akijifungua, hukaa ndani miezi mitatu akilishwa na kupumzishwa, na mwenye nyumba aliyetaka mzazi wake atoke akiwa na mashavu alimwita Mama Manka aje kupika. Kulikuwa na wanawake wazima, wenye wajukuu, waliosema, "Mimi huyu mnayeniona nilisimamishwa na mikono ya Mama Manka." Nadhani kilikuwa kitu pekee alichojivunia.

Mwaka ule tulipata mwalimu mpya wa Kiswahili, kijana aliyetoka mbali, aliyependa mashati meupe na kulichukia tope letu. Alituambia kwamba katika mkutano wa wazazi mwanafunzi mmoja atasoma insha ya kushawishi, na mgeni kutoka wilayani atakuwepo.

"Chagueni jambo ambalo watu wa hapa wanabishania," alisema. "Mtafute ushahidi. Muhoji mashahidi. Halafu muwabadilishe wazazi wenu mawazo."

"Pombe ya mbege, Mwalimu!" mmoja akasema.

"Wasichana kurithi kihamba!"

"Fimbo za shuleni, Mwalimu!"

"Fimbo haibishaniwi," Mwalimu akajibu, tukacheka kwa woga.

Mimi nilichagua mlaso. Mlaso ni chakula cha mzazi: damu ya ng'ombe au mbuzi, maziwa na siagi, vikipikwa taratibu mpaka viwe kama uji wa rangi ya udongo. Wazee walisema unarudisha damu iliyomwagika. Wasichana waliosoma walisema ni ushenzi. Na mimi, mtoto wa Singida, nilikuwa na bahati ambayo darasa zima halikuwa nayo, kwa sababu wakati huohuo mkwe wa Mama Manka, Dada Helena, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungua na kulazwa kwenye chumba kinachotazamana na jiko. Alikuwa amevuja damu sana hospitalini. Alirudi akiwa mweupe viganjani, na mlaso ulipikwa kila siku.

Nilianza utafiti wangu kwa heshima zote. Nilikwenda zahanati, nikaamkia shikamoo, nikatoa daftari. Nesi alikuwa mama mnene aliyekuwa akikunja bandeji.

"Damu mbichi nakataza," alisema. "Ikichemka ikaiva, ni chakula kama maini. Mama Manka nilimwambia aichemshe mpaka ipande povu mara mbili, na anachemsha. Nimekwenda mwenyewe nimeona. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma nisikie."

Nikasoma. Akaridhika, akanipa peremende.

Kisha nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa akichinja kwenye shughuli zote za kijiji. Yeye alicheka mpaka akakohoa. "Unataka kuandika mlaso? Wanaume wenyewe tunakunywa kisusio, supu yenye damu, na hatujazaa! Andika hiyo." Sikuiandika. Haikuonekana kunisaidia.

Mwalimu alipopitia maelezo yangu aliweka kidole kwenye maneno ya nesi. "Huyu anakusaidia au anakubomoa?"

"Ananibomoa, Mwalimu."

"Sasa?"

 Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na rula pia. Nilipiga mstari juu ya maneno yote ya nesi, mstari ulionyooka vizuri, na nikajiona mtu mzima.

"Na usiniambie tu kwamba mlaso unanuka," alisema Mwalimu akinirudishia daftari. "Ninusishe."

Kwa hiyo siku iliyofuata nilijificha kwenye migomba nyuma ya jiko. Mama Manka alikuwa amekaa kwenye kigoda na sufuria ya damu kati ya magoti, akiipekecha kwa kijiti isigande. Nyuzinyuzi za damu zilijizungusha kwenye kile kijiti kama uzi mwekundu wa cherehani ya Mama, naye akazivuta, akazitupa kwa mbwa, akaendelea. Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa sufuria. Mama Manka akampunga kwa mkono, akaruka akaenda zake. Akaweka sufuria motoni, akamimina maziwa, akakoroga muda mrefu, akatia siagi. Harufu ikanijia pale nilipochuchumaa, harufu hiihii ya dirishani kwangu, ila imechanganyika na maziwa. Mate yalinijaa mdomoni, ya aina ile inayotangulia kutapika.

Akabeba bakuli mpaka chumbani kwa Dada Helena, nami nikasogea hadi pembe ya jiko; mlango ulikuwa wazi. Dada Helena alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kichwani, machozi yanamtiririka. Waliongea Kichaga cha harakaharaka, nami nilishika neno mojamoja tu. Dada Helena alikuwa akitikisa kichwa. Mama Manka akainua bakuli, akanywa yeye kwanza, mafunda makubwa matatu, macho yamefumbwa, kisha akafuta midomo na kumsukumia mwenzake. Dada Helena akanywa akilia. Nilitazama nikiwa na uhakika kabisa wa ninachokiona: bibi mwenye tamaa anamdokolea mgonjwa chakula chake, na kisha anamlazimisha kumeza kilichobaki.

Nilisubiri mpaka niliposikia Mama Manka amerudi jikoni, nikazunguka nyuma ya chumba. Chini ya mgomba palikuwa na matapishi yaliyofukiwa nusu kwa majivu, ya rangi ya udongo, bado yakitoa mvuke, na nzi wa kijani wamejaa juu. Nilichutama nikayachunguza kama daktari. Niliandika pale pale, daftari likiwa gotini: mzazi hutapika kila anacholishwa.

Usiku ule sikulala kwa furaha. Niliandika upya mara tatu. Yule nzi mmoja akawa nzi wa kijani, wakawa wengi, wakaanguka ndani na kukorogwa. Zile nyuzi za damu zikawa kamasi. Mikono iliyonawa kwa majivu ikawa "mikono isiyojua sabuni". Sehemu hiyo haikuwa uongo wote, kwa sababu sabuni ilikuwa ya kufulia tu pale nyumbani, na nakumbuka jinsi nilivyofurahia kupata sentensi inayodanganya bila kudanganya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baadaye maishani nimekutana na watu wazima wanaoishi kwa ujuzi huo, unawalisha na kuwavisha, na kila nikiwasikia wakiongea najua kwamba na mimi ningeuweza.

Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Hongera! Nimeona kinyaa kabisa."

Mkutano ulifanyika darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Mgeni wa wilayani alikaa mbele akinywa soda. Mama yangu alifunga cherehani mapema akaja akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mama Manka alikaa safu ya tatu kati ya wanawake wenzake, na nilipopita kwenda mbele alinigusa bega akaninong'oneza, "Usiseme kwa pua. Sema kwa tumbo, wasikie."

Nikasema kwa tumbo.

"Wazazi wapendwa," nilianza, "je, kuna mmoja wenu anayeweza kunywa kamasi jekundu lenye nzi?"

Wakacheka. Wanaume wa nyuma walipiga meza. Nikaendelea, na kadiri nilivyoendelea kicheko kilipungua, mpaka nikabaki nasikia sauti yangu peke yake na mvua ndogo juu ya bati. Sikumtaja mtu. Niliandika "bibi mmoja jirani yetu" na "mzazi mmoja aliye mweupe viganjani", kana kwamba Kilema nzima ilikuwa na mwanamke mwingine mweupe viganjani wiki ile. Nilipofika kwenye matapishi, mwanamke mmoja aliinuka akaenda kutema mate dirishani. Nilipofika kwenye mikono isiyojua sabuni niliinua macho ili kuona kama imefanya kazi, maana Mwalimu alitufundisha kumtazama msikilizaji kwenye sentensi iliyo nzito. Mama Manka alikuwa ameweka mikono yake mapajani. Akaitazama. Kisha taratibu, mmoja halafu mwingine, akaiingiza chini ya khanga.

Mgeni wa wilayani alisimama akapiga makofi. Nilipewa kamusi.

Siku tatu baadaye gari la shamba liliingia kwenye kihamba, limebeba shangazi wawili wa Dada Helena kutoka Sanya Juu. Mimi na Mama tulikuwa barazani kwetu na tulisikia kila neno, kwa sababu shangazi wale hawakutaka pasiwepo wa kusikia.

"Tumekuja kumchukua mtoto wetu."

"Karibuni mkae kwanza," Mama Manka alisema. "Miezi haijatimia. Hajatoka ndani bado."

"Atatimizia kwetu. Kwetu hatuli nzi."

"Nani kala nzi, mama?"

"Si imesomwa mbele ya serikali? Au serikali nayo ni kipofu?"

Dada Helena alitolewa amefunikwa mablanketi, mtoto kifuani. Alishika mwimo wa mlango. "Mama, mimi sijasema kitu. Sijasema kitu kwa mtu."

"Najua," alisema Mama Manka. "Nenda. Ufunike kichwa, kuna upepo."

Alitaka kumfunga mtoto shuka vizuri zaidi. Shangazi mmoja akamzuia mkono wake hewani, akaimaliza kazi yeye. Mama yangu aliniangalia. Hakunipiga. Aliingia ndani, na cherehani ikaanza kukimbia bila kitambaa, nikaisikia inavyogonga chuma kitupu.

Kipaimara cha mwezi uliofuata, wanawake wa kanisa walipogawana kazi, Mama Manka aliyezoea kusimama kwenye sufuria kubwa alipewa kuni. Aliibeba kazi hiyo bila kunung'unika.

Manka alihama dawati. Nilivumilia wiki moja, kisha nikamfuata kwenye mfereji tulipokuwa tukichota maji.

"Mwandishi huyo!" alisema kabla sijafungua mdomo. "Umekuja kuchungulia nini? Leo tunaoga, andika kwamba tuna kunguni."

"Nilisema ukweli. Dada Helena alikuwa anatapika, niliona mwenyewe."

"Uliona akitapika?"

"Niliona matapishi."

Manka aliweka ndoo chini. "Yale ya mama."

Sikuelewa.

"Ya mama, wewe chasaka! Mama damu haimwendi. Harufu tu inamtapisha, tangu akiwa msichana. Aliponizaa mimi alikataa mlaso, wakamwita mdhaifu. Dada Helena naye alisema hawezi, kwa hiyo mama akamwambia, hata mimi siwezi, basi tutashindwa pamoja. Akawa anakunywa naye. Kila siku anakunywa, anakwenda nyuma anatapika, anafukia, anasukutua, anarudi kumwambia Dada Helena ni tamu."

Maji yalikuwa yakifurika kwenye ndoo yangu, nikayaacha yafurike.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Sauti yake ilipasuka. "Ulikwenda kwa nesi, ukaenda kwa mchinjaji. Mimi nimekaa na wewe dawati moja mwaka mzima!" Akajitwisha ndoo. Alipofika mbali kidogo akageuka. "Mtu mwenye adabu angeleta isale."

Isale nililijua, lile jani refu la kijani ambalo kule hupandwa kwenye mipaka na makaburini. Nilijua pia, kwa kusikia, kwamba mkosaji akipeleka isale kwa aliyemkosea, haliwezi kukataliwa. Sikujua kwamba linachumwa jani tu, wala kwamba hupelekwa na mtu mzima kwa niaba yako. Nilijifanyia mwenyewe, kama nilivyojifanyia utafiti. Asubuhi nilikwenda kwenye mstari wa masale, nikachagua lililonona, nikaling'oa lote na mizizi yake, nikalibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye jiko la Mama Manka, udongo ukidondoka kwenye gauni langu la shule.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alilitazama lile shina, kisha akanitazama mimi. "Hili umelitoa wapi?"

"Pale kwenye mstari."

"Mstari wa upande wa shemeji yangu?"

"Ndiyo, Mama."

Alijishika kiuno. Tumbo lake likaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano nikamsikia akicheka. "Mtoto huyu! Miaka kumi na mbili nagombana na shemeji kuhusu mpaka ule, na yeye anakuja kuomba msamaha akiwa ameubeba mkononi!"

Tukarudi pamoja na jembe, tukalipanda upya kabla shemeji hajaamka. Alilishindilia udongo kwa kisigino, akavunja jani moja, akalichomeka kwenye mshipi wa khanga yake.

"Nimelipokea," alisema. Hakuwa anacheka tena. "Likishapokewa limekwisha. Sitakusema kwa mtu, wala sitakuwekea kinyongo mpaka nife."

Nililia kwa unafuu. Nikamfuata kuelekea jikoni, kwa sababu miguu yangu ilizoea njia ile na nilikuwa sijala. Akasimama mlangoni, mwili wake ukaujaza.

"Lakini chakula changu hutakula tena, mwana wa fundi."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Ila nitakupa bakuli, na wewe utanusa. Labda hutaki, lakini utanusa. Na mimi nitakuona." Akatikisa kichwa. "Hilo sitaliweza. Nenda shule."

Tulikaa jirani mwaka uliobaki. Nilikuwa nikirudi saa tisa, napita mbele ya jiko lake, naamkia, anaitikia kwa upole wa kweli, na harufu ya mtori inanifuata mpaka kwenye ugali wangu wa baridi. Dada Helena alipona huko Sanya Juu na akarudi kwa mumewe, kwa hiyo kwake hapakuharibika kitu. Ila sikuwahi kusikia tena mtu akimwita Mama Manka kwenda kwa mzazi. Tangu hapo nimekula kwenye vibanda vya barabarani na majumbani kwa watu nisiowajua, katika mikoa ambayo siwezi kuihesabu bila kukosea, na hakuna aliyeninyima. Kila anayenipa sahani, jicho langu linakwenda kwanza kwenye mikono yake, linatafuta uchafu. Mkono ukiwa safi sifurahi. Nahisi kinyaa tu, na nakijua kinakotoka.

Nilipomaliza mtihani wa darasa la saba tulirudi chini kwenye miwa. Majirani walikuja kutuaga, kila mmoja na chake: aliyeleta kiburu cha ndizi na maharage kwenye sufuria, aliyeleta mayai ya kuchemsha. Mama Manka alifika mwisho, mkungu wa ndizi mbichi kichwani, za aina ya mchare, zile za mtori. Mama alimpokea na kumshukuru mpaka akakosa maneno. Mimi nilisimama pembeni ya cherehani, nikimtazama, nikitumaini hata sijui nini.

"Hizi zina maganda," aliniambia. "Utamenya mwenyewe."

Na mikono yake, baada ya kuuachia mkungu, aliirudisha chini ya khanga.